Chumvi Kidogo Dukani

Masomo: Wakolosai 4:2–6, Mithali 26:18–19

Popote mlipo asubuhi hii, kama ni jikoni mkichochea moto, au njiani na kikapu cha majani chai mgongoni, karibuni tufikiri pamoja juu ya neno la Mungu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na duka dogo huko Kangari, katika nchi ya majani chai ya Murang'a, chini ya milima ya Nyandarua. Mnayajua maduka yetu. Yote huuza unga, sukari, sabuni, chumvi na kiberiti, na bei ni karibu moja. Basi kwa nini mtu apite milango mitatu na kuingia wa nne? Mara nyingi ni kwa sababu ya yule aliyesimama nyuma ya kaunta.

Mimi nilipenda mzaha. Mtoto akitumwa kiberiti, nilimwuliza kama anataka chenye njiti zinazowaka au chenye njiti zinazolala. Wazee niliwapigia saluti kama machifu. Ukutani niliandika kwa chaki, "Mkopo ni kesho." Watu walicheka, nao walirudi.

Katika hayo sikuona ubaya, wala leo sioni. Mungu hakutufyatua kama matofali ya kalibu moja. Aliyepewa ucheshi na aende nao kazini. Nabii Zekaria alipotangaza baraka za Yerusalemu, katika sura ya 8, alisema kwamba njia za mji zitajaa wavulana na wasichana wakicheza. Ikiwa mchezo una nafasi katika mji wa Mungu, utakosaje nafasi dukani?

Lakini sikilizeni lililonipata. Kwetu mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani alizopeleka, na mara moja kwa mwaka huja ile fedha tunayoiita bonasi. Katikati ya siku hizo, nyumba nyingi huishi kwa daftari la duka. Jioni moja, duka likiwa limejaa, aliingia mama mmoja mjane mwenye deni la miezi miwili. Nikafungua daftari, nikatangaza kama mpiga mnada: "Mabibi na mabwana, mgeni wetu wa heshima amefika! Jina lake peke yake limejaza ukurasa mzima!"

Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Alifungua fundo la leso yake, akaweka fedha juu ya kaunta, akasema kwa upole, "Hesabu, mwanangu." Nikahesabu. Zilikuwa kamili. Alikuwa amekuja kulipa. Akatoka bila kununua kitu, na tangu siku ile alipita mlangoni pangu, hata kwa mvua, akaenda kununua mbali.

Nilijitetea moyoni kwamba nilikuwa nikifanya mzaha tu. Usiku mmoja nikafungua Mithali, nikakutana na udhuru wangu. Mwenye hekima anasema kwamba mtu amdanganyaye jirani yake, kisha akadai alikuwa anacheza, ni kama mwenda wazimu arushaye moto na mishale. Mimi sikumdanganya mama yule, lakini mshale niliurusha.

Mtume Paulo anawafundisha Wakolosai kwamba usemi wao uwe wa neema, nao utiwe chumvi. Mimi niliuza chumvi kila siku, lakini sikulielewa neno hilo. Chumvi kidogo ndani ya mboga huwaita watu mezani. Chumvi ile ile ukiitia katika kidonda, mtu hulia. Umaskini wa mteja ni kidonda. Deni lake ni kidonda. Hapo usitie mzaha wako. Wala usimchekeshe mtu ili asitazame mizani, maana ucheshi wa namna hiyo ni wizi.

Jumamosi nilipanda mpaka shambani kwake, nikamkuta akichuma majani. Nikakiri kosa langu. Akasema, "Deni lile tulilijua mimi na wewe. Sasa linajulikana na kila mtu." Basi nikaona kuwa toba ya faraghani haitoshi kwa aibu ya hadharani. Jioni ile, mbele ya wateja, nilisema kwamba mama yule alikuwa amelipa deni lake lote, na kwamba mwenye deni sasa nilikuwa mimi.

Wiki nyingi zikapita. Siku moja akaingia, akaomba kiberiti. "Chenye njiti zinazowaka," akasema. Siku hiyo mwenye mzaha alikuwa yeye, nami nilicheka huku machozi yakinilengalenga.

Ndugu mwenye duka, dada mwenye cherehani, kijana kinyozi, siku hizi mteja aweza kulipa kwa simu na kuondoka bila neno. Usimwache aende hivyo. Mpe uso wako, jina lake, na kicheko kidogo. Ila kwanza tazama mahali unapoitia chumvi yako.

Tuombe. Ee Bwana, utupe mioyo yenye furaha katika kazi zetu, na ulimi usiojeruhi. Mahali tulipomwaibisha mtu, utupe ujasiri wa kumwendea. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.