Baina ya Harusi na Msiba



Kwanza naomba radhi kwa sauti yangu. Walio nyuma nawaomba wasogee mbele, viti vipo. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka kwamba nilipokuwa hapa shuleni niliitwa "Spika". Katika mdahalo sikuhitaji kipaza sauti, na asubuhi mstarini mimi ndiye niliyekuwa nikiita majina. Sauti ile haipo tena. Hii mnayoisikia ndiyo iliyobaki, nami nimeileta mbele yenu baada ya kukosa mikutano yetu miwili kwa sababu ya kuionea haya.

Katibu aliponiomba nizungumze juu ya ugonjwa wangu, nadhani alitaka habari za hospitali. Nitazieleza kwa ufupi. Lakini jambo nililokuja kulisema ni juu ya siku zile zinazofuata matibabu, ambapo kila mtu anadhani kwamba mgonjwa amekwisha pona.

Nina duka la khanga na vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Anayeujua mtaa ule anajua kwamba mwuzaji asiye na sauti ni kama mvuvi asiye na wavu. Sauti yangu ilianza kukwaruza. Nikasema ni vumbi. Nikasema ni feni. Nikanywa dawa za kikohozi na kutafuna tangawizi. Miezi mitano ikapita. Ndipo nilipopitishwa mpira mwembamba wenye kamera puani mpaka kooni, kikakatwa kinyama kidogo cha kupimwa, na jibu likaja: saratani ya zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti.

Nilitibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo la zamani la pale, lile lililo kando ya bahari, Wajerumani walilifungua kama hospitali mwaka 1897, na taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Kila asubuhi nilipanda mwendokasi Gerezani, nikateremka Kivukoni, nikamalizia kwa bajaji. Nilikwenda hivyo siku 35, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba. Unatengenezewa kinyago cha plastiki kinachofuata sura yako, unalazwa chali, na kinyago kinafungwa mezani ili kichwa kisisogee hata kidogo. Mionzi yenyewe haiumi, na ni dakika chache tu. Maumivu huja taratibu: ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na kubanduka, mate yanakauka, chakula kinakosa ladha, na koo linakuwa kama kidonda kibichi.

Katika wiki zile saba sikuwa peke yangu hata siku moja. Majirani wa dukani walichanga. Ndugu walikuja kutoka Morogoro. Siku ya 35 niliporudi nyumbani nilikuta pilau imepikwa. Watu wakala, wakanipongeza, wakaniombea dua, wakaondoka. Mimi ile pilau sikuweza kumeza hata punje.

Daktari alikuwa amenionya kwamba vidonda vya mionzi huendelea kuzidi kwa wiki moja au mbili baada ya siku ya mwisho, na kwamba ladha na nguvu hurudi kwa miezi, si kwa siku. Sikuwaambia wageni hayo. Basi wakati ule hasa ambapo hata maji yalikuwa yakinichoma, nyumba ilikuwa tupu. Alibaki mke wangu na mwiko wake wa uji. Usiku nilikuwa nikimsikia akilia jikoni, nami sikuwa na sauti ya kumwita.

Kisha yakafuata yale ambayo hayaonekani kwenye picha yoyote. Zamani kila jioni nilikaa baraza ya kahawa Mtaa wa Sikukuu, na ubishi wa Simba na Yanga haukuanza mpaka nifike. Sasa nikawa napita mtaa wa nyuma ili wasinione. Nilikula chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu kila tonge lilinipalia. Mteja wangu wa miaka mingi alinikatia simu, akidhani kwamba ni tapeli. Waliokutana nami waliniambia, "Jikaze, wewe mwanamume," au, "Shukuru Mungu, umepona." Walisema kwa nia njema. Lakini mtu aliyekwisha ambiwa ashukuru hawezi tena kusema kwamba anateseka. Nilinyamaza, na siku moja nikamwandikia mke wangu kwenye karatasi kwamba afadhali ningeachwa nife.

Yaliyonitoa pale ni mambo matatu, wala hakuna hata moja lililohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja. Yupo humu ndani, na amenikataza nisimtaje. Alikuja Alhamisi moja alasiri na ubao wa drafti na vizibo vya soda kwenye mfuko wa rambo. Hakuniuliza hali. Alipanga vizibo, tukacheza, akaniaga, akaondoka. Alhamisi ya pili akaja, na ya tatu akaja. Drafti haihitaji sauti. Alhamisi ya sita nilimla vizibo vyote, nikamnong'oneza, "Hata shuleni ulikuwa hujui." Tukacheka, na katikati ya kicheko mimi nikaanza kulia. Hakuniambia ninyamaze. Alipanga vizibo upya, akangoja mpaka nilipokuwa tayari.

La pili ni wagonjwa wenzangu. Siku moja nilikwenda kupimwa, nikaketi kwenye benchi baina ya mzee mmoja mvuvi wa Mafia na mama mmoja wa Tandika. Yule mama alitoa chupa ya maji na chupa ya uji, akanywa mbele ya watu wote, akapaliwa, akajifuta, akaendelea. Aliona ninavyomtazama, akasema, "Baba, ukiona haya kula, utakufa kwa haya." Alinifundisha kusukutua kwa maji yenye chumvi kidogo, kulainisha parachichi kwa maziwa, na kuinamisha kidevu ninapomeza. Daktari alikuwa ameniambia mengi ya hayo; lakini kutoka kwake niliyaamini, kwa kuwa shingo yake ilikuwa nyeusi kama yangu. Tangu hapo tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nyuma ya duka langu. Sasa tu watu wanane. Wawili wametutoka, tukaenda kuwazika. Hatufichani habari hizo.

La tatu, mke wangu alikwenda kumwonyesha daktari ile karatasi. Nilikasirika sana. Daktari hakunikaripia. Alisema kwamba huzuni nzito baada ya matibabu ya namna hii huwapata wengi, kwamba nayo ina tiba yake, akanipeleka kwa mshauri. Laiti ningalisema mwenyewe mapema.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye hoja yangu. Chama chetu kina mfuko wa harusi na mfuko wa msiba. Ni jambo jema, nami nimechangia yote miwili. Lakini baina ya harusi na msiba yupo mtu aliye hai, amekaa chumbani, na hana kamati. Naomba tuwe na orodha ya watembeleaji. Mwenzetu akimaliza matibabu ya ugonjwa mzito, wapangwe watu wawili wa kumwendea kila wiki kwa muda wa miezi sita, na wamkumbuke pia anayemwuguza. Wasiende kumhoji wala kumhubiri. Waende na drafti, au na gazeti, au mikono mitupu, mradi wiki ijayo warudi.

Nanyi wanafunzi, neno langu kwenu ni fupi. Mimi nilianza kuvuta sigara kidato cha tatu, nyuma ya bweni, nikaongeza na pombe nilipopata fedha zangu. Vitu hivyo viwili vikikutana huongeza sana hatari ya saratani za kinywa na koo. Wapo wanaougua bila kuvigusa, kwa hiyo msimsute mgonjwa. Na sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au kidonda cha mdomoni kikikataa kupona, au uvimbe ukitokea shingoni, msingoje miezi mitano kama mimi. Nendeni hospitali.

Nimeambiwa kwamba baada ya hapa tutakula pamoja. Mwaka jana sikuja kwa sababu ya meza hiyo. Leo nitaketi nanyi. Mama wa jikoni ameniwekea mtori, na chupa yangu ya maji ninayo. Nitakuwa wa mwisho kumaliza. Msiniharakishe, wala msinisikitikie. Endeleeni na ubishi wenu wa Simba na Yanga, nami nitaingia nikipata nafasi.