Mbwa Aliyefuatana na Tobia



Wapendwa wasikilizaji, leo nataka tutafakari juu ya kiumbe ambaye ni nadra kutajwa kanisani, na akitajwa huwa ni kwa tusi. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anapoanza safari yake pamoja na malaika Rafaeli, mwandishi anatuambia kwamba mbwa naye alifuatana nao. Hafanyi muujiza wowote, wala jina lake hatuambiwi. Lakini katika sura ya 11, wanapokaribia nyumbani, mbwa bado yuko nyuma yao.

Ninyi mlioko Vugiri, huko juu katika milima ya Usambara, mnamjua mbwa wa namna nyingine. Ni mbwa mkubwa, chotara, sikio moja limesimama na la pili limelala. Pengine bwana wake alihama akachukua kuku wake wote, mbwa akamwacha. Mchana hulala pembezoni mwa shamba la chai; usiku huja majikoni kutafuta ukoko wa ugali. Watoto humrushia mawe. Twamwita mbwa koko, na jina hilo latosha kutuondolea wajibu.

Tuseme baba mmoja wa familia anaamua kumchukua. Ni jambo jema. Lakini anamchukua kwa nia gani? Wengi hutaka mlinzi wa mahindi dhidi ya nguruwe pori, na hilo si kosa. Kosa ni kumshindisha mbwa na njaa makusudi, eti awe mkali. Mbwa mwenye njaa huacha lindo akaenda kuiba mayai ya jirani. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai mwenye mnyama ampe chakula, maji na matunzo.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, na wanaoumwa na mbwa mara nyingi ni watoto. Kwa hiyo mbwa wa kuokota asishikwe na watoto kwanza. Aitwe afisa mifugo amtazame na kumchanja, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asisubiri dawa za kunuizia. Chanjo ya kumwokoa ipo tangu Pasteur alipoitumia kwa mtoto mmoja huko Ufaransa mwaka 1885. Wataalamu wanasema kwamba wakichanjwa mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Huruma isiyofika kwenye chanjo yaweza kumzika mtoto wa jirani. Makatekista, mnaposoma matangazo ya juma, itangazeni na siku ya chanjo ya mbwa.

Tuwafikirie pia ndugu zetu Waislamu, ambao wengi wao hujihadhari na mate ya mbwa. Mbwa wako asiachwe njiani kunusa kanzu ya mzee anayekwenda kuswali. Nao katika mapokeo yao wanayo habari nzuri ya mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, naye Mungu akamsamehe dhambi zake. Yafaa nasi tuijue.

Jambo la mwisho ni la muda. Mbwa aliyetunzwa vema aweza kuishi miaka 10 na zaidi. Atazeeka, meno yatamtoka, hatasikia tena nguruwe wakiingia shambani. Jioni hiyo uji wake utahitajika kama jioni ya kwanza, na pengine utapaswa kuwa laini zaidi.