Adhabu kwa Gramu: Vijana Wetu katika Magereza ya Hong Kong



Mwaka 2013 barua za wafungwa zilianza kuja Tanzania kutoka magereza ya Hong Kong. Aliyezikusanya ni padri Mwaustralia, John Wotherspoon, anayewahudumia wafungwa huko. Aliwaomba Watanzania na Waafrika wengine waliofungwa kwa kusafirisha dawa za kulevya wawaonye wenzao nyumbani, nao wakaandika. Wengine walitaja hadi majina ya waliowatuma. Magazeti yetu yalizichapa, tukasikitika wiki mbili tatu, tukaendelea na mambo mengine.

Mimi nataka turudi kwenye swali tulilolikwepa: vifungo vile ni vya haki?

Hong Kong haina adhabu ya kifo. Upeo wa adhabu kwa kosa hili ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo majaji wana mwongozo unaofuata uzito wa mzigo. Heroini halisi ya gramu 10 hadi 50 ni miaka 5 hadi 8. Ikizidi gramu 600, hesabu inaanzia miaka 20, na kuivusha mpaka kunaweza kuongeza mingine. Ujana, umaskini na rekodi safi havisaidii sana. Kinachosaidia ni kukiri mapema, ambako hupunguza theluthi moja.

Sasa mtazameni huyo anayepimwa. Mtaani tunamwita punda, na jina hilo linamstahili kwa sababu mzigo si wake. Tiketi amekatiwa, hoteli amelipiwa, namba ya kupiga akifika amepewa. Amemeza pipi, yaani vifurushi vidogo vya unga, moja baada ya nyingine, ameonywa asile kitu ndani ya ndege, na pipi moja ikipasuka tumboni hukumu yake haitamsubiri jaji. Kiasi cha unga alichobeba kimepangwa na mtu mwingine. Kumhukumu kwa gramu, basi, ni kumhukumu kwa uamuzi wa bosi wake. Wako na walioachwa Pakistani kama bondi, roho zao zikiwa rehani mpaka mzigo ulipwe. Hao sijui tuwaite wahalifu au mali iliyowekwa dhamana.

Linganisheni na ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha. Walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa, na ushahidi ulihusu kilo 99 za heroini zilizokabidhiwa kwa watu waliokuwa wakifanya kazi kwa siri na serikali ya Marekani. Baktash, aliyeongoza mtandao wao wa dawa za kulevya, alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019. Mdogo wake alipata 23 mwaka uliofuata. Punda wa kilo moja akibisha mashtaka Hong Kong na kushindwa, anaweza kukaribia kabisa kifungo cha Ibrahim. Hesabu hiyo naikataa.

Najua kuna mzazi humu ambaye mwanawe ni teja, anayempeleka kliniki ya methadoni Muhimbili kila asubuhi, na ambaye maneno yangu yanamchoma. Ana haki ya kukasirika. Unga ule ule unaopita hapa kwenda nje ndio unaobaki Magomeni na Tanga. Sisemi punda aachiwe. Alijua anabeba haramu, alitaka fedha, na afungwe. Ninachobishia ni miaka 20 kwa mtu ambaye akikamatwa leo, kesho nafasi yake imejazwa na jirani yake. Kifungo hicho hakimpunguzii bosi hata usingizi.

Wenzetu wa Hong Kong wameanza kuliona hili. Mahakama yao ya Rufani imewataka majaji, wakishapima uzito, waangalie pia nafasi ya mshtakiwa katika biashara yenyewe, kuanzia mbebaji hadi mwenye mtaji. Ni hatua nzuri, ila ina kasoro moja inayotuhusu sisi. Jaji anahitaji ushahidi, na ushahidi wa nani alimtuma nani hauko Hong Kong. Uko Kinondoni, kwa wakala aliyekata tiketi, kwenye miamala ya simu ya wiki ile, kwa mtu aliyemhimiza kijana apate pasipoti haraka. Mshtakiwa aliyeko rumande ughaibuni hawezi kuyafuata hayo. Akiyasema bila kielelezo, anaonekana anajitetea tu.

Kwa hiyo ombi langu naliweka kwa serikali yetu kabla ya kwenda kwa majaji wa ugenini. Mtanzania akikamatwa na mzigo nje, jalada lifunguliwe hapa siku hiyohiyo, aliyemtuma atafutwe, na kinachopatikana kipelekwe kwa wakili wake kabla ya hukumu. Ninyi wanafunzi wa sheria mlioketi nyuma, kazi hiyo mnaweza kuisaidia hata kabla hamjahitimu.