Mbwa Aliyepooza Ghafla

Somo la leo ni la kila mwenye kufuga mbwa, na hasa ninyi wa Tunduma, Mlowo na Vwawa, mnaokaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia.

Jioni mbwa alikula na kubweka. Asubuhi wamkuta akiburura miguu ya nyuma. Ufanyeje? Usikimbilie kumbeba wala kumnywesha dawa. Kwanza uliza: yuko aliyemwona akigongwa na gari? Na cheti chake cha chanjo ya kichaa ki wapi?

Wengi hudhani mbwa mwenye kichaa ni yule akimbiaye ovyo akiuma watu. Lakini kuna kichaa cha kimya. Mbwa hupooza, taya la chini hulegea, mate humdondoka, sauti hubadilika. Mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono kinywani autoe. Hapo ndipo mauti huingia nyumbani, maana virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate. Na mbwa wa Tunduma haulizwi pasi mpakani: aweza kwenda Nakonde usiku akarudi alfajiri, nawe hujui alipigana na nani.

Basi, kama hakuna aliyeona ajali, mfungie mahali pamoja, watoto wakae mbali, kisha kamwite Bwana Mifugo. Cheti cha chanjo kitampunguzia shaka, ila hakitaiondoa yote. Dalili za kichaa zikishatokea, mbwa hana tiba. Kwa kawaida hufa kabla ya siku 10. Ikibidi auawe, kichwa kisipondwe, kwa kuwa ubongo ndio upimwao.

Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate jerahani, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwa. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikimtokea mtu, karibu hakuna aponaye.

Kama mbwa aligongwa, msogeze juu ya ubao akiwa amelala, ukijihadhari, kwani hata mbwa mpole huuma kwa maumivu. Bwana Mifugo atabana vidole vya miguu iliyopooza. Mbwa akigeuza kichwa au akilia, tumaini lipo: atapumzishwa mahali padogo kwa majuma kadhaa, atageuzwa ubavu asitoke vidonda, atasaidiwa kukojoa. Asipohisi kitu, tumaini ni dogo. Hapo uliza wazi: gharama ni kiasi gani, na nani atamwuguza usiku na mchana? Kama hayupo, sindano ya kumwondolea mateso si ukatili. Ukatili ni kumwacha alale katika mkojo wake.

Sasa jadilianeni kikundini: katika kitongoji chenu, mbwa wangapi wana cheti cha chanjo? Wakichanjwa 70 katika kila 100, kichaa hukosa njia ya kuenea. Waliosalia watachanjwa lini, na nani atawapeleka?