Nani Apite Kwanza? Habari za Zamu Katika Njia ya Reli
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Magongo, Mombasa)



Nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wakubwa wa reli peke yao. Jambo lenyewe ni hili: njia ikiwa moja, na wanaotaka kupita ni wengi, nani apite kwanza, na ni nani wa kuamua?

Ninyi wa Magongo hamna haja ya kufundishwa maana ya foleni. Mmeyaona malori yamejipanga barabarani yakingoja kuingia Kilindini. Pale kivukoni Likoni mmeona pia ya kuwa gari la mgonjwa likija, watu hulipisha, wala hakuna anunaye. Kwa nini hawanuni? Kwa sababu kila mtu anaijua kanuni hiyo, tena anajua ya kuwa huenda kesho mgonjwa akawa wake.

Sasa tuitazame reli. Lori likikutana na lori, moja husogea kando. Gari la moshi haliwezi kusogea kando. Reli yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ni ya njia moja. Reli ya kisasa, tuiitayo SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017 baina ya Mombasa na Nairobi, nayo ni ya njia moja. Treni mbili hupishana stesheni tu, palipo na njia ya pembeni. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Na katika reli, zizi ni kile kipande cha njia kilichopo baina ya stesheni mbili.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme treni hutumia dakika 20 kutoka stesheni moja mpaka ya pili. Basi kwa saa moja zaweza kupita treni tatu tu, za kwenda na za kurudi zikihesabiwa pamoja. Kwa siku nzima ni 72. Tena hiyo ni hesabu ya karatasi, kwa maana lazima utoe saa za kutengeneza njia, na saa za treni iliyoharibika. Hata vikinunuliwa vichwa vya treni mia moja, nafasi haitaongezeka hata moja mpaka zijengwe stesheni zaidi za kupishana, au njia ya pili. Kwa hiyo mali ya reli si chuma tu. Mali yake kubwa ni nafasi, yaani zamu ya kupita kwa saa maalumu.

Zamani ugomvi wa zamu ulikuwa mdogo, kwa kuwa mwenye njia ndiye aliyekuwa mwenye treni. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na bandari zake, zilitiwa chini ya shirika moja, na bandari zikatengwa mwaka 1969. Shirika hilo la reli lilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika reli yake. Lakini nchi nyingine zimetafuta desturi mpya. Sweden ilitenga njia na treni mwaka 1988, na mwaka 1991 nchi za Jumuiya ya Ulaya zikakubaliana kuanza kuwafungulia wengine njia zao. Karibu nasi, reli ya TAZARA, iendayo kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia, nayo imepata kuruhusu kampuni binafsi ipitishe treni zake kwa malipo.

Penye wapitaji wengi namna hiyo, kanuni hazina budi kuwa wazi. Kwanza, maombi ya nafasi yapokewe mapema, na ratiba itangazwe. Pili, malipo ya njia yawe sawa kwa wenye mzigo wa namna moja. Tatu, ijulikane nani hutangulia pakiwa na msongamano: abiria, vitu viozavyo, au makontena, na treni iliyochelewa isiharibu zamu ya ile iliyowahi. Nne, mwenye kuomba nafasi asiitumie, anyang'anywe apewe mwingine. Tano, mwamuzi asiwe na treni yake mwenyewe katika mashindano. Kwani nani atakubali mwenye ng'ombe awe hakimu wa kugawa maji ya kisima?

Labda mtauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi? Kumbukeni mwaka 2019. Mwezi wa Agosti ilitolewa amri ya kuwa makontena ya Nairobi na bara yapandishwe treni ya SGR. Chanzo chake kilikuwa cha nyuma: mwaka 2014 bandari ilikuwa imeweka mkataba na reli kuahidi kiasi maalumu cha mizigo, kwa ajili ya kulipa deni la kuijengea reli hiyo. Ahadi ilikwisha kuwekwa, lakini watu wa barabarani hawakuulizwa. Dereva na utingo wake, fundi wa magurudumu, na mama auzaye chakula kando ya barabara, kila mmoja aliona riziki yake inakwenda. Watu wa Mombasa waliandamana, na mwezi wa Oktoba amri ikasimamishwa. Mwezi wa Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikata shauri ya kuwa amri ile ilikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Na mwezi wa Septemba 2022 Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, alitangaza ya kuwa shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa.

Msinifahamu vibaya. Sisemi ya kuwa reli ni adui. Treni moja ya mizigo ya SGR yaweza kuchukua zaidi ya makontena mia moja ya futi 20. Fikirini ni malori mangapi hayo, na ni ajali ngapi za barabarani zingepungua. Mzigo mzito wa kwenda mbali wafaa reli. Mzigo wa haraka, au wa kufika mlangoni mwa mtu, wafaa lori. Kila kimoja kina zamu yake. Lakini zamu iliyogawiwa kwa siri huzaa ugomvi, hata ikiwa imegawiwa vizuri.

Basi ombi langu ni hili. Tangazo la bandari au la reli likitoka, lisomeni, na asiyejua kusoma asomewe. Mkiitwa kutoa maoni, nendeni, wala msiwaachie wenye makampuni peke yao. Ulizeni maswali matatu: nafasi ni ngapi, nani amepewa, na kwa kanuni gani? Mkijibiwa waziwazi, ngojeni zamu yenu kwa subira. Msipojibiwa, ulizeni tena kwa adabu mpaka mjibiwe, kwani penye wazee haliharibiki neno.