Nani anakula kwa mazutu? Mazungumzo kuhusu umeme safi, kazi na amani huko Punia

Maneno haya yalisemwa na afisa wetu wa uwanjani katika kikao cha wawakilishi wa vijiji, wachimbaji, akina mama wa soko na wakubwa wa kimila huko Punia, jimbo la Maniema. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa.



Nimeombwa nizungumze juu ya kuachana na mafuta ya petroli na kuingia katika nishati safi. Maneno haya tunayasikia redioni kila mara wakuu wa dunia wanapokutana. Jana baba mmoja aliniuliza: "Mtoto wangu, sisi tutaacha nini wakati hatujaanza?" Nilicheka, naye akacheka. Lakini usiku nilikosa usingizi kwa sababu ya swali lile. Leo nitajaribu kulijibu.

1. Mafuta tunayoyatumia

Baba yule ana haki. Katika nchi yetu, karibu watu 4 kati ya 5 hawana umeme nyumbani, na vijijini hali ni mbaya zaidi ya hapo. Moshi unaochafua hewa ya dunia haukutoka Punia.

Hata hivyo, tutazame vizuri. Mashine inayosaga mihogo yetu inakunywa mazutu. Pampu inayotoa maji ndani ya shimo inakunywa esansi. Simu tunachaji kwa grupe ya jirani. Na mafuta hayo yote yanatoka mbali, kwa mtumbwi, kwa pikipiki, kwa toleka inayosukumwa katika matope. Kila mto una ada yake na kila kizuizi kina mkono wake. Bidoni ikifika hapa, bei yake imebeba safari nzima.

Hapo ndipo mafuta yanapokuwa jambo la amani. Mwenye esansi ndiye mwenye shimo. Kijana anakopa bidoni ili kutoa maji, analipa kwa kasiterite, na bei ya kasiterite anaipanga yule yule aliyemkopesha. Mvua ikinyesha, shimo linajaa tena, anakopa tena. Migogoro kadhaa tunayoletewa ofisini huanza na deni la bidoni. Kabila huingia baadaye, watu wakishakasirika. Kwa hiyo tuna kitu cha kuacha: utumwa wa bidoni.

2. Punia ilikuwa na umeme

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba umeme si kitu kipya kwetu. Mtambo wa maji wa Belia hapa Punia, na ule wa Lutshurukuru upande wa Kalima, ilijengwa ili kuendesha migodi ya bati. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Nyumba za kampuni zilikuwa na taa, karakana zilikuwa na fundi, na watoto wa wafanyakazi walisoma.

Ndipo Oktoba 1985 bei ya bati ikaanguka katika masoko ya dunia. Wazazi wetu hawakuwa na kosa lolote. Mambo yaliharibika London. Kampuni ikadhoofika mwaka baada ya mwaka, vita vya 1996 vikaja, na SOMINKI ikaishia katika miaka hiyo. SAKIMA ilipoanzishwa mwaka 1997, vita vya pili vilikuwa karibu.

Nayasema haya kwa sababu ya fundisho moja. Umeme ule ulikuwa safi, ulitoka katika maji yetu. Lakini ulikuwa wa mwajiri mmoja. Alipoanguka mwajiri, taa, kazi na ufundi vilianguka pamoja naye. Kuwa safi hakukutosha.

Vijana wengine wananiambia: tungoje mafuta ya nchi yetu wenyewe. Kweli, Julai 2022 serikali ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta, Oktoba 2024 ikaifuta, na mwaka 2025 ikatangaza vitalu vipya 52 katika bonde la katikati ya nchi. Sitabishana nanyi. Naomba tu mkumbuke kwamba huko Muanda, kwenye mdomo wa mto wetu, mafuta yanatolewa tangu miaka ya 1970. Ulizeni vijana wa Muanda ni wangapi wanafanya kazi humo. Na bei ya mafuta inapangwa mbali, kama ilivyopangwa bei ya bati mwaka 1985. Tumeshapigwa na fimbo hiyo mara moja.

3. Dunia inataka bati yetu

Nchi zinazoachana na mafuta zinahitaji madini. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga, nayo inaingia katika betri za magari. Sisi wa Maniema hatuna habari hiyo ya kobalti, lakini karibu nusu ya bati ya dunia hutumiwa kuunganishia nyaya katika vyombo vya umeme, zikiwemo paneli za jua. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba paneli iliyo juu ya paa la nyumba huko Ulaya imeshikwa pamoja na jasho la mtu wa Punia, na mtu huyo mwenyewe anarudi nyumbani kwa mwanga wa tochi.

Hilo linauma. Lakini kulalamika hakuwashi taa. Tuulize: kazi za nishati safi zitafika kwetu kwa njia gani, na zikifika, zitatupatanisha au zitatugombanisha?

4. Kosa letu

Hapa ni lazima niseme kosa letu sisi wenyewe.

Katika kijiji kimoja kando ya barabara, tulisaidia kikundi cha akina mama kupata mashine ya kusaga inayotumia jua. Mafundi walitoka mbali, wakafunga paneli kwa siku 4, tukapiga picha, tukapiga makofi, tukaenda. Bei ya kusaga ikashuka, mama wakafurahi.

Mwezi wa pili waya ulikatwa usiku. Mama kiongozi akamtaja mwenye mashine ya mazutu. Ndugu zake wakakamata vijana 2 na kuwapiga. Siku ya tatu watu walikuwa wanazungumza habari ya kuchoma nyumba.

Tuliporudi na kuketi katika barza, ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: nani alikuwa anakula kwa mazutu? Jibu lilikuwa refu. Mwenye mashine, ndiyo. Lakini pia fundi wake, vijana 2 wa kumwaga unga, mtoleka aliyeleta mafuta, na mama mjane aliyeuza mafuta kwa chupa mbele ya nyumba. Watu 6, na nyuma ya kila mmoja kuna sufuria jikoni. Sisi tulikuwa tumehesabu kilo za unga. Watu hao hatukuwahesabu.

Aliyekata waya hatukumjua mpaka leo, na wazee waliamua tusimtafute. Walitafuta mapatano. Fundi wa mazutu akafundishwa kutunza betri, na sasa ndiye anayelipwa kwa kazi hiyo. Mashine ya zamani inasaga siku za mvua, jua linapokosekana, kwa bei ile ile, na sehemu ndogo ya kila siku inaingia katika kisanduku cha matengenezo chenye funguo 3 kwa watu 3. Mama mjane anachajisha simu. Sitawadanganya kwamba wote walipona: kijana mmoja kati ya wale waliopigwa alikwenda mashimoni na hakurudi kijijini. Jina lake bado linatajwa katika barza.

5. Wengine wameona nini

Hatuko peke yetu. Kenya, upande wa Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, walijenga mitambo 365 ya upepo yenye nguvu ya megawati 310. Ni nishati safi kabisa. Lakini wenyeji wafugaji walikwenda mahakamani kwa sababu ya ardhi, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Upepo haugombanishi watu. Kinachowagombanisha ni ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa.

Karibu na sisi, katika Kivu ya Kaskazini, mtambo wa maji wa Matebe, wa megawati zaidi ya 13, ulianza Desemba 2015 kando ya mbuga ya Virunga. Wasimamizi wake waliuona tangu mwanzo kuwa kazi ya amani: walisema kila megawati inaweza kuleta kazi kati ya 800 na 1,000, ili kijana apate cherehani au karakana badala ya bunduki. Huko Goma, mwaka 2020, kampuni ya Nuru iliwasha kituo cha jua cha megawati 1.3, na mwaka 2023 ilitangaza kwamba Kindu yetu iko katika mipango yake.

Najua mtaniambia: Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Machi vita vikafika Walikale, jirani zetu, hata mgodi wa Bisie ukasimamisha kazi kwa muda. Umeme haukuzuia vita. Ni kweli. Taa haisimamishi jeshi. Ila nawauliza wazazi: mtu anayekuja kuandikisha vijana anaanza na nani? Anaanza na yule asiye na kazi na mwenye deni. Tukingoja vita viishe ndipo tutafute kazi, tutamwachia yeye achague kwanza.

6. Sheria inatupa nini

Msidhani haya ni maombi ya sadaka. Sheria ipo. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL. Sasa jimbo, kampuni binafsi na wengine wanaweza kuzalisha na kuuza umeme wakipata kibali. Kuna ARE ya kusimamia sekta hii na ANSER ya kupeleka umeme vijijini. Kodi ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema 15% ya mrabaha iende kwa mamlaka za mahali madini yanapotoka, na mwenye kibali cha kuchimba atenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, pamoja na daftari la masharti analokubaliana nao. Karatasi haziwashi taa, lakini asiyejua karatasi hana la kudai.

Kwa hiyo naomba kikao hiki kisiondoke bila kujadili mambo 4:

Kwanza, kila kijiji kiandike orodha ya wanaokula kwa mafuta leo: wenye mashine, wenye grupe, watoleka, wauzaji wa chupa. Hao wawe wa kwanza kufundishwa kazi mpya.

Pili, mtu yeyote akija na mradi wa umeme, mkubwa au mdogo, habari ya ardhi, ya ajira na ya bei ijadiliwe katika barza na kuandikwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimama. Akina mama wawemo, maana wao ndio wanaojua bei ya kusaga.

Tatu, katika daftari la masharti tuombe ufundi. Mara nyingi tunaomba jengo. Jengo bila fundi tumeshaliona. Popo wanakaa humo.

Nne, tuwaulize wakubwa wetu, kwa heshima, 15% ile imefika kiasi gani na imefanya nini, na majibu yasomwe mbele ya watu kila mwaka.

Namalizia. Nimrudie baba yule aliyeniuliza tutaacha nini. Baba, tutaacha bidoni, polepole, na hatutaiacha kwa kumtupa aliyekuwa anaibeba. Nchi kubwa zinaogopa jambo hilo hilo: wachimbaji wao wa makaa ya mawe wanauliza watakula nini kesho. Swali lao na swali la mtoleka wetu ni moja. Wao wana pesa nyingi kuliko sisi. Sisi tuna barza, ambapo mtu anaweza kusimama na kusema "mimi nitakula nini?" na asichekwe.

Basi tuanze hapo. Nimeleta daftari. Kabla ya chakula, naomba kila kijiji kitoe jina la mtu wa kwanza.