Mashindano ya shule yapangwe kwa haki
Ndugu walimu wakuu, wazazi na vijana wa Fizi, tumekutana juu ya mpira, lakini shida yetu ni amani. Shule kubwa ya mjini ikiwafunga watoto wa milimani waliotembea siku nzima kwa miguu, mashabiki hawasemi shule imeshinda. Wanasema kabila fulani limeshinda. Huko Texas, Marekani, shule za serikali hupangwa upya kila miaka 2 kwa hesabu ya wanafunzi, na mwanafunzi aliyehama kwa ajili ya michezo huzuiwa timu ya kwanza mwaka mmojamzima. Sisi twaomba daftari la kuita wanafunzi lionyeshwe kabla ya mechi (wachezaji wa kuazimwa tunawajua sote!), na mechi zichezwe katikati ya njia.